Andiko la PhD limerudishwa mara ya tatu, msimamizi anasema "hili ni hubiri, si utafiti". Nianzie wapi?

#1 Jembe la Usharika
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mchungaji wa usharika wa Kilutheri huku Kaskazini, ukanda wa mlimani. Mwaka jana nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, upande wa theolojia ya vitendo, ile inayochunguza maisha na huduma ya kanisa. Andiko la kwanza, yaani pendekezo la utafiti, niliita "Changamoto zinazowakabili vijana katika kanisa la leo". Msimamizi akaandika pembeni: vijana gani, kanisa lipi, leo ya lini? Nikaja na "Mchango wa kanisa katika kuwainua wajane". Likarudi. La tatu ni "Uwakili wa Kikristo na utoaji wa sadaka", kurasa 38, aya za Biblia kila ukurasa. Juzi limerudi na sentensi moja tu: "Mchungaji, hili ni hubiri zuri, ila si utafiti."

Nimeumia, sifichi. Nimehubiri miaka 14 na watu wanasikiliza. Hubiri linaishia wapi na utafiti unaanzia wapi? Aliyepita njia hii anishike mkono. Nina miezi miwili kabla ya kusimama mbele ya jopo.

#2 Nauli ya Jioni
Nafuatilia. Na mimi niko kwenye foleni hiyohiyo.

#3 Mwalimu wa Zamu
Pole mchungaji. Msimamizi wako hajakutukana, amekusaidia. Ukipanda mimbarani jibu unalo tayari, kazi yako ni kulifikisha. Mtafiti akienda na jibu mfukoni, wale anaowahoji wanageuka mashahidi wake tu.

Chukua maswali manne ya mwanatheolojia Mmarekani Richard Osmer, yule aliyeanzisha somo hili kwa kitabu chake cha 2008. Nini kinaendelea hapa? Kwa nini kinaendelea? Nini kingepaswa kuwa? Basi tufanyeje? Andiko lako, kwa jinsi ulivyolieleza, lote liko kwenye swali la tatu na kipande cha la nne. La kwanza hujaligusa kabisa.

#4 Limuru Kwa Baridi
Mwalimu hapo #3, maswali ni hayo ila Osmer hakuanzisha somo. Mwanatheolojia Mjerumani Schleiermacher, Berlin, mwaka 1811, alikuwa ameshaiita theolojia ya vitendo taji la masomo yote ya theolojia. Na Don Browning wa Chicago mwaka 1991 alishasema theolojia yote huanzia kwenye matendo, ikapitia nadharia, ikarudi kwenye matendo. Osmer alipanga vizuri vilivyokuwepo, na ndiyo maana wanafunzi tunampenda.

#5 Wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, niruhusiwe kuchangia. Haya mambo tulilelewa nayo VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki wafanyakazi, tukiwa vijana wadogo: Ona, Amua, Tenda. Yalitoka kwa padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyekuwa na vijana wafanyakazi, na Papa Yohane wa XXIII akayaingiza kwenye waraka wake wa Mater et Magistra mwaka 1961. Tulikuwa tunakaa chini ya mwembe na kalamu moja watu sita. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni theolojia ya chuo kikuu.

#6 Mwalimu wa Zamu
Nimepokea masahihisho ya #4, asante. Wa Kigango, nina neno moja: kwenye Ona, Amua, Tenda watu wengi hukimbilia Amua. Wanaona kwa dakika tano, wanaamua kwa saa mbili. Faida ya Osmer ni kwamba "kwa nini" amelitenga, hulivuki kwa bahati mbaya.

#7 Wa Kigango
Hilo ni kosa la waliokufundisha. Sisi kuona peke yake kulichukua mwezi.

#8 Binti Usambara
Mchungaji, shikamoo. Mimi nimemaliza miaka mitatu iliyopita, sitakupa nadharia.

Nilianza na "Huduma ya kichungaji kwa wafiwa". Ni kubwa kama bahari. Msimamizi wangu, Mungu ambariki mama yule, akaniuliza: msiba wa mwisho uliokwenda, ni kitu gani kimoja uliona kikakukosesha usingizi? Nikamwambia, siku ya nne turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, mjane amebaki na masufuria ya watu. Akasema swali lako ni hilo. Siku ya nne nani yupo pale, na wanaongea nini? PhD nzima ikatoka hapo, familia 11, mitaa miwili.

Sasa nakuuliza wewe. Jumapili ya karibuni, baada ya baraka ya mwisho, ni kitu gani uliona? Usiniambie mada, niambie ulichokiona.

#9 Jembe la Usharika
Marahaba dada. Nimelala nalo swali lako.

Sisi baada ya ibada tunatoka kwa wimbo, tunasimama duara mbele ya mlango, na mnada unaanza. Wasiosali kwetu waelewe: asiye na hela huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, maziwa kwenye chupa, maparachichi, jogoo kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Vinapelekwa madhabahuni, vinaombewa, halafu vinanadiwa nje na fedha inaingia kwenye hesabu ya sadaka.

Jumapili moja kulikuwa na mayai manne kwenye kibakuli cha bati. Aliyeyaleta namjua, bibi mjane wa benchi la nyuma. Mzee wa kanisa akanadi: buku, buku mbili, mara ya kwanza... Kijana mmoja mfanyabiashara aliyekuja kusalimia nyumbani akasema elfu ishirini. Vigelegele! Akalipa hapohapo, akasema, "Mrudishieni bibi akale na wajukuu." Bibi akaitwa katikati. Akaja polepole, akapokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini wakati anarudi nilimtazama. Hakumwangalia mtu. Alikuwa anayaangalia yale mayai.

Jumapili mbili zilizofuata hakuleta kitu. Ya tatu hakuja kanisani.

#10 Nauli ya Jioni
Mchungaji, kurasa 38 zote zile hii ilikuwa wapi?

#11 Mzee wa Kwaya
Nimesimamia mnada zaidi ya miaka ishirini na naomba tusiharibu kitu chema. Mnada ni furaha ya usharika. Zamani huku fedha taslimu ilikuwa ya msimu, kahawa ikiuzwa watu wanazo, miezi mingine hawana. Mtu angekuja mikono mitupu kila Jumapili? Mnada ulimpa nafasi mwenye ndizi kuwa mtoaji sawa na mwenye noti. Na kumrudishia bibi ni baraka juu ya baraka: kanisa limepata elfu ishirini, bibi amepata mayai. Hapo aliyeumia ni nani?

#12 Karanga Mbichi
Baba yangu Mzee wa Kwaya, kwa heshima zote, aliyeumia ni bibi. Yeye alimpa Mungu. Wamemrudishia mbele ya halaiki na kumwambia akale. Maana yake ni kwamba wewe si mtoaji, wewe ni mhitaji. Kwetu ukipeleka zawadi ikarudishwa mlangoni, hata kwa maneno matamu, umekataliwa.

#13 Limuru Kwa Baridi
Mimi naona kama harambee zetu. Anayetajwa ni anayetoa kubwa. Mayai yalikuwa kisingizio, kilichouzwa pale ni jina la huyo kijana. Simlaumu, pengine hata yeye hajui kama alikuwa ananunua jina.

#14 Chumvi ya Tanga
Ndugu zangu mnakwenda mbio. Kuku anayeatamia hatagi. Jumapili tatu bila mayai ni jambo la kawaida kwa mwenye kuku wawili watatu. Na bibi wa umri huo goti likimuuma haji kanisani. Mmeshamfanya amevunjika moyo na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

#15 Mwalimu wa Zamu
Hapo sasa! Tazama kuanzia #11 mpaka #14. Maelezo manne ya tukio la dakika tano, na kila moja lingeweza kuwa kweli. Swali la pili la Osmer ndiyo hili. Uchumi wa msimu, maana ya zawadi, heshima na jina, au kuku tu. Andiko linatakiwa lioneshe jinsi utakavyoyapambanua, siyo lipi unalipenda.

#16 Mzee wa Kwaya
Nani anakula kuku wa mnada siku hizi? Juzi jogoo kanadiwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Jogoo mwenyewe kachoka.

#17 Karanga Mbichi
Mzee, hilo la jogoo kurudishwa na mnunuzi ni tofauti na mayai kurudishwa kwa mwenyewe. Nafikiri umetupa data bila kujua.

#18 Wa Kigango
Na Maandiko yaingie wapi? Mimi nikisikia mjane na sadaka, moja kwa moja ni Marko 12:41-44, senti mbili. Yesu alimsifu. Kwisha.

#19 Binti Usambara
Ndugu yangu, hapo ndipo andiko la mchungaji lilipokwama. Ukifika Marko 12 ukasema "kwisha", umepanda mimbarani. Rudi nyuma mstari mmoja tu, 12:40. Yesu ametoka kuwakemea waandishi wanaozila nyumba za wajane. Halafu mjane anatoa vyote alivyokuwa navyo. Halafu sura ya 13 inaanza kwa Yesu kusema hekalu lile litabomolewa. Kuna wafasiri wanaosoma pale sifa, na kuna wanaosoma maombolezo: mtazameni, hata huyu amemalizwa. Sijui mchungaji atasimama upande gani, ila aende kwa Marko akiwa na yale mayai mkononi. Maandiko yaulize mnada, mnada nao uulize jinsi tulivyozoea kusoma Maandiko. Tena asiishie Marko. 1 Wakorintho 11, wenye chakula na wasio na kitu kwenye meza moja, Paulo anauliza kama wanawatahayarisha wasio na kitu. Neno la kubeba ni hilo, kutahayarisha.

#20 Jembe la Usharika
Nimesoma #19 mara tatu. Nimehubiri Marko 12 kila msimu wa mavuno na sijawahi kuanzia mstari wa 40.

Basi nina mpango: nitawahoji washarika wangu 60 pale ofisini, baada ya ibada.

#21 Binti Usambara
Usifanye hivyo! Mimi nilikosea hapohapo. Mahojiano tisa ya kwanza niliyafanya ofisini kwa mchungaji, kinasa sauti mezani. Wote tisa walisema kanisa limewafariji sana, wanashukuru. Siku moja nikakaa uani na akina mama wanachambua mchicha, sina daftari. Dakika arobaini nilisikia habari ambazo ofisini hazikuwahi kuingia. Nilirudi kuomba ridhaa ya kila mmoja upya, wawili walikataa, na yao sikuyatumia ingawa yalikuwa ndiyo bora kuliko yote.

Na 60 za nini? Saa moja ya kinasa ilinila saa sita kuiandika. Piga hesabu.

#22 Limuru Kwa Baridi
Niongeze zito zaidi. Mchungaji, posho yako inatoka kwenye mfuko gani? Si ndiko fedha ya mnada inakoingia? Wewe unanufaika na kitu unachokichunguza. Sisemi usifanye, nasema kiandike ukurasa wa kwanza wa sura ya mbinu. Nani atakwambia "mnada unaniumiza" wakati wewe ndiye utakayemzika? Fikiria usharika mwingine, au umtafute mama mmoja anayeaminika awahoji akina mama na wewe usikuwepo.

#23 Jembe la Usharika
Kaka, hilo limenichoma. Ila usharika mwingine sitawajua watu. Yale macho ya bibi niliyaona kwa sababu ninamjua.

#24 Limuru Kwa Baridi
Ndiyo, kumjua mtu kunakupa macho na kunakufunga masikio. Pande zote mbili ziandike.

#25 Nauli ya Jioni
Swali la pembeni. Kuna mtu kaniambia niache PhD nisome DMin, udaktari wa huduma ya kichungaji, eti ndiyo ya wachungaji. Kweli?

#26 Mwalimu wa Zamu
DMin hulenga kuboresha huduma yako mwenyewe, kwa kawaida kupitia mradi ndani ya huduma hiyo. PhD inakudai ujuzi mpya ambao mwenzako wa Kameruni au Finland anaweza kuutumia. Hakuna iliyo ndogo. Ila ukitaka kufundisha chuo kikuu, uliza kwanza chuo hicho kinapokea ipi.

#27 Wa Kigango
Mimi naona mayai manne ni madogo kwa PhD. Profesa John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alisoma Makerere PhD yake akaandika juu ya Afrika nzima. Kwa nini sisi tubanwe kwenye kijiji?

#28 Karanga Mbichi
Mbiti alisoma Makerere kweli, lakini udaktari ni wa Cambridge, 1963, na baadaye ndiyo akarudi Makerere kufundisha. Na huo udaktari haukuwa juu ya Afrika nzima, ulikuwa juu ya Wakamba, watu wake, na mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho. Kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy, ndicho kilichochukua maneno yetu ya Kiswahili, "sasa" na "zamani", kikayatandaza juu ya Waafrika wote kwamba wakati ujao kwao ni mfupi mno. Hapo ndipo alipopingwa zaidi. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa lugha ya Waakani kwamba kwao wakati ujao upo. Kwa hiyo mfano wako unaniunga mkono mimi. Mbiti wa Wakamba alikuwa na miguu ardhini.

#29 Wa Kigango
Nimekubali la Cambridge. La miguu ardhini sikubali. Asingetandaza, nani angebishana naye mpaka leo?

#30 Chumvi ya Tanga
Wote mnaongea "sadaka" kama vile ni neno moja. Nimekulia Tanga, jirani zetu Waislamu, babu yangu mwenyewe Mwislamu. Neno ni la Kiarabu, na pale kwetu sadaka ni kitu unampa mwenye shida kwa ajili ya Mungu, hata sahani ya wali. Kanisani neno hilohilo ni unachopeleka wewe madhabahuni. Sasa bibi katoa sadaka kwa maana moja, karudishiwa sadaka kwa maana nyingine! Tena kuna dhabihu, zaka, malimbuko. Na nina hakika bibi nyumbani haongei Kiswahili. Mchungaji muulize kwa lugha yake anaitaje kile kibakuli cha mayai, kabla hujakitafsiri Kiswahili na baadaye Kiingereza cha chuo. Kila hatua ya tafsiri inadondosha kitu.

#31 Binti Usambara
Chumvi, #30 peke yake ni sura nzima. Mchungaji, neno la asili liache kama lilivyo ndani ya tasnifu, ulieleze, usilibadilishe.

#32 Mzee wa Kwaya
Kwa upande wa ratiba mnisikilize, hili nalijua. Usiangalie mnada wa Desemba peke yake. Desemba watoto wote wamerudi kutoka mjini, yai linafika bei ya mbuzi. Njoo mwezi wa nne, masika, barabara tope, wageni hakuna: mkungu unaondoka kwa elfu tatu na anayenunua ni mama jirani ambaye kweli anakwenda kuupika. Hiyo ni minada miwili tofauti yenye jina moja.

#33 Mwalimu wa Zamu
Mzee, shikamoo. Hilo la Desemba na masika hakuna kitabu kingempa.

#34 Nauli ya Jioni
Na vibali?

#35 Limuru Kwa Baridi
Huku Kenya kamati ya maadili kwanza, ndipo leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Bila hivyo usifungue kinasa.

#36 Binti Usambara
Mimi Tanzania nilitembea na barua ya chuo mpaka kwa katibu tawala wa mkoa, wilaya, hadi mtendaji wa kata. Halafu njia ya kanisa ni ya peke yake: askofu, mkuu wa jimbo, mchungaji wa usharika, wazee. Nilitenga wiki tatu, zikawa kumi na moja. Iweke kwenye mpango tangu mwanzo.

#37 Jembe la Usharika
Wapendwa, nimekaa siku nne. Naomba mnipige mawe kabla sijamtumia msimamizi:

"Wanaotoa mazao kwa kukosa fedha, katika mitaa miwili ya usharika mmoja wa Kilutheri, wanaelewaje kinachotokea kwa sadaka yao inaponadiwa, na uelewa huo unaihoji vipi theolojia ya sadaka inayohubiriwa kwao?"

Kutazama minada ya Desemba na ya masika. Watu 15, wakihojiwa na mama mwinjilisti wa usharika jirani. Marko 12 na 1 Wakorintho 11.

#38 Karanga Mbichi
Bora mara mia. Ila "kwa kukosa fedha" ni hukumu yako. Kuna mama ana fedha na bado analeta ndizi, kwa sababu ndizi kailima kwa mikono yake. Sema "wanaotoa mazao", basi.

#39 Limuru Kwa Baridi
Na wanunuzi umewaacha. Yule kijana wa elfu ishirini, yeye anaelewaje?

#40 Binti Usambara
Wanunuzi waache, la sivyo unarudi baharini.

#41 Limuru Kwa Baridi
Sikubaliani. Mnada bila mnunuzi si mnada.

#42 Chumvi ya Tanga
Mchungaji, mimi nina swali moja tu tangu #14. Bibi yuko wapi? Umekwenda kumwona? Siyo kama mtafiti, kama mchungaji wake.

#43 Jembe la Usharika
Sijaenda. Nilikuwa ninaandika andiko.

#44 Jembe la Usharika
Nimetoka kwake jioni hii. Tumekaa jikoni, kanipa chai. Alichoniambia siwezi kukiweka hapa, nilikwenda kumtembelea tu na sikumwomba ridhaa.

#45 Chumvi ya Tanga
Umefanya vizuri. Kuku wapo?

#46 Jembe la Usharika
Wapo watatu. Wawili wanaatamia.